Kufufua Trekta la Bustani la Zamani Bila Kupoteza Rangi ya Kiwandani: Dalili, Sababu na Tiba

Mwaka 1961 kampuni ya Marekani ya International Harvester ilianza kuuza trekta dogo la bustani liitwalo Cub Cadet, lililotengenezwa Louisville, Kentucky, na toleo hilo la kwanza lilipokoma mwaka 1963 zaidi ya matrekta 65,000 yalikuwa yametoka kiwandani. Mwaka huohuo wa 1963 John Deere wakaleta modeli yao ya 110 kutoka Horicon, Wisconsin, huku Wheel Horse wa South Bend, Indiana, wakiwa tayari na wateja wao. Mengi ya matrekta hayo yalifungwa injini ya Kohler ya familia ya K, yenye silinda moja ya chuma cha kusubu, inayopozwa kwa upepo na yenye valvu zilizokaa ubavuni mwa silinda: K161 ya nguvu farasi 7, K181 ya 8, K241 ya 10 na K301 ya 12. Anayeifahamu moja atazielewa zote bila taabu, na ndiyo sababu hitilafu zake zinaweza kuelezwa pamoja.

Vipuri vya injini hizi bado vinauzwa hadi leo, kuanzia platini (vigusano vinavyofunga na kukata umeme wa cheche) na gasketi hadi pistoni. Rangi iliyopakwa kiwandani haiuzwi. Tena rangi hiyo si pambo tu, kwa maana ndiyo taarifa ya kwanza ambayo fundi anaweza kuisoma: pale ilipovimba pamepata joto kupita kiasi, pale ilipooshwa mstari mwembamba kuelekea chini pamevuja petroli, na kichwa cha bolti kisicho na rangi ilhali wenzake wanayo kinaonyesha kwamba kuna mtu aliwahi kufungua hapo. Anayeanza kwa kukwangua rangi anaifuta taarifa hiyo kabla hajaisoma.

Kabla ya kushika spana

Piga picha trekta zima likiwa na uchafu wake, kisha piga picha za karibu za kila doa, kila mchirizi na kila kibandiko. Usitumie mashine ya kuoshea kwa maji ya shinikizo, kwa sababu maji yake huingia chini ya kingo za rangi iliyoanza kubanduka na kuing'oa kwa vipande, na pia husukuma mchanga ndani ya beringi na sili. Grisi iliyoganda itolewe kwa kijiti cha mbao au kibapa cha plastiki, na mabaki yake yafutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo baada ya kujaribu mahali pasipoonekana, kama vile chini ya kiti.

Onyo la kwanza ni la afya. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na rangi za kupaka upya mitambo ya kilimo na ya viwandani ziliachwa nje ya marufuku hiyo. Chukulia basi kwamba rangi ya trekta la miaka ya 1960, pamoja na tabaka lolote lililoongezwa baadaye, ina risasi hadi kipimo kithibitishe vinginevyo. Usiipige msasa mkavu, usiipashe kwa moto wala kwa bunduki ya hewa moto, na usifanye kazi hiyo mahali watoto wanapochezea. Kama kuna eneo kubwa linalopaswa kuondolewa rangi, kazi hiyo mwachie mtaalamu mwenye vifaa vya kuzuia vumbi.

Dalili: ufunguo unazungushwa lakini injini haizunguki

Sababu inayoongoza ni betri dhaifu au vichwa vyake vilivyoota unga mweupe. Pima volti kwanza: betri nzima iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6, na ikishuka chini ya 12 usiendelee kutafuta mchawi kwingine kabla ya kuichaji. Ukiwa hapo, tazama bamba linaloibeba betri, kwa kuwa tindikali iliyomwagika miaka ya nyuma hula rangi na chuma kwa pamoja. Changanya baking soda na maji, pakaza, subiri mapovu yaishe, suuza kwa maji kidogo na ukaushe papo hapo.

Sababu ya pili huwasumbua hasa wenye matrekta yaliyowahi kupakwa rangi juu ya rangi, nayo ni ethi mbovu. Waya wa hasi umefungwa juu ya rangi, au kutu imeingia kati yake na fremu, na umeme hauna njia ya kurudi. Mafundi wengi hukimbilia kukwangua duara la chuma tupu kwenye fremu, jambo lisilo la lazima. Fungua bolti iliyopo, safisha tundu lake na uso ule uliofunikwa na kichwa cha waya peke yake, weka washa yenye meno, kisha pakaza grisi kabla ya kukaza. Bado ikigoma, ongeza waya wa pili kutoka kwenye hasi ya betri hadi kwenye bolti ya injini yenyewe. Hakuna rangi itakayoguswa.

Baada ya hapo kagua solenoidi (swichi inayopeleka umeme mkubwa kwenye stata), swichi ya ufunguo, na mkanda wa stata. Matrekta mengi ya kundi hili yana kifaa kimoja kinachofanya kazi mbili, yaani stata na jenereta kwa pamoja, kinachoungana na injini kwa mkanda, hivyo mkanda uliolegea utaifanya stata izunguke peke yake huku injini ikitulia tuli.

Ikiwa stata inavuta kwa nguvu na injini haisogei, injini imeganda. Mara nyingi trekta lililolala nje bila kifuniko cha ekzosi huingiwa na maji, na ringi za pistoni hushikana na silinda kwa kutu. Toa plagi, mimina vijiko viwili vya mafuta ya kulegeza kutu, uache kwa siku kadhaa, kisha jaribu kuisukuma flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, kwa mikono miwili, mbele na nyuma, ukitafuta hata milimita moja ya msogeo. Usiingize nondo kati ya mapezi ya flaiwili, kwa kuwa pezi likivunjika flaiwili inapoteza ulinganifu wake. Usitegemee stata ikufanyie kazi hiyo pia, kwa sababu itaungua. Wapo wanaochanganya mafuta ya gia otomatiki na asetoni, na mchanganyiko huo hupenya vizuri sana, lakini tone moja la asetoni likidondoka kwenye mfuniko wa injini litaichukua rangi yote hadi kwenye chuma. Kama ni lazima uutumie, zungushia tundu la plagi vitambaa na ufanye kazi mbali na moto.

Wiki mbili zikipita bila msogeo, fungua kichwa cha silinda. Ni kazi nyepesi kwenye injini hizi, kwani hakuna mitambo ya valvu juu yake, na ukikifungua utaona mara moja kama tatizo ni kutu ya silinda au ni valvu iliyong'ang'ania. Unapokirudisha tumia gasketi mpya na ukaze bolti kwa hatua tatu kwa kuvukanisha, mpaka zifikie nguvu ya kukaza ya newton-mita (Nm) 20 hadi 27 kwa K161 na K181, na Nm 34 hadi 41 kwa K241 na kubwa zake. Silinda ikiwa na mashimo ya kutu unayoyahisi kwa ukucha, simama hapo. Inahitaji kuchongwa karakana ya mashine, na pistoni ya saizi inayofuata.

Dalili: inazunguka vizuri lakini haiwaki

Anza na moto. Toa plagi, iguse kwenye chuma cha injini, zungusha stata na utazame cheche. Kama hakuna cheche, jambo la kwanza ni platini, ambazo kwa bahati nzuri kwenye injini za K hazikufichwa chini ya flaiwili bali ziko nje, chini ya kifuniko kidogo ubavuni mwa injini. Trekta lililokaa miaka kumi bila kuwashwa huwa na utando mwembamba juu ya platini, usioonekana kwa macho lakini unaotosha kuzuia umeme. Pitisha kipande cha karatasi ngumu safi kati yake mara tatu au nne hadi kitoke bila alama nyeusi. Nafasi yake iwe milimita 0.5 zinapofunguka kabisa, na ya plagi iwe takriban milimita 0.9 kwa mfumo unaotumia betri. Nimeona watu wakinunua koili mpya, kondensa mpya na swichi mpya kwa ajili ya utando huo, na sina hakika kama niwacheke au niwahurumie, kwa maana na mimi nilinunua koili yangu ya kwanza namna hiyohiyo.

Cheche zikiwepo, tatizo ni petroli. Petroli ya zamani hugeuka kama gundi ya rangi ya kahawia kwenye jeti za kabureta, na petroli ya kisasa ya Marekani, ambayo kwa kawaida huchanganywa na ethanoli, hulainisha mipira na gasketi za zamani na huvuta unyevu ndani ya tangi. Kagua kama petroli inafika kwenye kabureta, kagua boya na sindano yake, kisha safisha jeti. Ukirudisha skrubu za kurekebishia, zifunge taratibu hadi ziguse tu, kwa sababu ukizikaza ncha zake zitaumia, halafu fungua ile kuu takriban mizunguko miwili na ile ya sailensa (mwendo wa injini ikiunguruma bila mzigo) takriban mmoja na robo. Hizo ni sehemu za kuanzia tu, na urekebishaji halisi ufanyike injini ikiwa imepata joto.

Kagua na kompresheni pia, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Injini nyingi za K zina kifaa kinachoipunguza makusudi wakati wa kuwasha ili stata isilemewe, kwa hiyo kipimo cha kawaida cha kompresheni kitakudanganya. Zungusha flaiwili kinyumenyume kwa mkono kwa kasi: ikirudishwa nyuma kwa nguvu, ringi na valvu bado zinaziba.

Tangi lenye kutu ndani lisafishwe kwa minyororo midogo na kioevu cha kuondolea kutu, baada ya kuifunika rangi ya nje kwa plastiki. Tangi lililotoboka usilichomelee mwenyewe hata kama limekaa tupu mwaka mzima, kwani mvuke uliobaki kwenye maungio yake unaweza kulipuka. Mpelekee fundi wa matangi, na umweleze mapema kwamba rangi ya nje inabaki.

Dalili: inawaka, kisha inazima au inakosa nguvu

Mara nyingi ni tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi lililoziba. Legeza mfuniko injini inapoanza kufa, na ikifufuka umepata jibu. Baada ya hapo angalia kichujio cha hewa, choki isiyofunguka hadi mwisho, na kondensa inayokufa ikipata joto. Usiguse springi za kidhibiti mwendo ili kuongeza kasi, kwa maana injini hizi zimewekewa ukomo wa mizunguko 3,600 kwa dakika, na konrodi ya aluminiamu, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti, haisamehi.

Dalili: betri haichaji

Kaza mkanda kwanza, kwa kuwa mkanda ulioizungusha stata vizuri unaweza bado kuteleza jenereta inapobebeshwa mzigo. Kisha kagua brashi za kaboni, na mwisho rekuleta, yaani kidhibiti cha umeme wa kuchaji. Baada ya kufungua nyaya za jenereta ya Delco-Remy ni lazima irudishiwe ncha zake sahihi za sumaku kabla ya kuwasha: injini ikiwa imezimwa na nyaya zote zikiwa mahali pake, gusisha waya mfupi kwa kufumba na kufumbua kati ya sehemu zilizoandikwa BAT na GEN kwenye rekuleta. Ukiruka hatua hiyo, platini za rekuleta zinaweza kuungua siku ya kwanza. Usiibadilishe rekuleta kwa sababu tu kifuniko chake kina kutu. Ndani mara nyingi ni nzima.

Dalili: moshi, joto na kugonga

Moshi mweusi ni petroli nyingi. Moshi wa buluu unaotoka unapowasha tu kisha ukakoma hutokana na oili inayopita pembeni ya valvu, na ukiendelea muda wote, shuku kwanza oili iliyojazwa kupita alama, halafu kipumulio cha injini kilichoziba, na mwisho ringi zilizokwisha.

Joto husomwa kwenye rangi. Mfuniko wa bati unaozunguka silinda ukiwa na malengelenge au rangi iliyogeuka kahawia upande mmoja tu, fungua bati hilo, na karibu kila mara utakuta nyasi kavu na viota vya panya vimejaa kati ya mapezi ya silinda. Katika trekta moja lililonijia hapa Minnesota nilitoa nyasi za kujaa kofia, zimebanana kama mkeka, na doa la kahawia kwenye bati lililingana na umbo lake kama lilivyochorwa kwa penseli. Doa lile lipo hadi leo na halidhuru kitu. Kama nyasi hazipo, tazama ukingo wa gasketi ya kichwa upande wa valvu ya ekzosi, kwa kuwa gesi inayopenya hapo huchoma rangi kwa mstari mwembamba wenye masizi.

Kugonga ni jambo jingine. Injini hizi hazina pampu ya oili; kijiko kilicho chini ya konrodi hurusha oili kila kinapozunguka, na oili ikipungua au trekta likifanya kazi kwenye mteremko mkali kwa muda mrefu konrodi hukauka. Mlio mzito unaoongezeka unapobebesha injini mzigo ni ishara ya kuzima papo hapo, wala si ya kusubiri umalize mstari wa nyasi uliobaki. Katika baadhi ya injini za K241 na kubwa zake kuna pia gia za ulinganifu ndani, na zikivunjika hutoboa ukuta wa injini. Injini ya aina hiyo inayogonga isiwashwe tena mpaka ifunguliwe na mtu anayezijua.

Dalili: rangi laini, iliyotoka mstari au yenye utepe wa uchafu

Hapa hitilafu ya injini na hitilafu ya rangi huwa ni moja. Mstari mkavu, mweupe na uliopauka chini ya kabureta ni petroli, mara nyingi kutoka gasketi ya kikombe cha kichujio au boya lisiloziba. Utepe mzito wenye vumbi lililonata ni oili ya sili ya krenkshafti au ya gia boksi. Zuia kuvuja kwanza, kwa sababu hakuna nta itakayodumu juu ya sehemu inayolowa kila siku. Mafuta ya breki nayo yasisogezwe karibu na trekta, kwa kuwa huichubua rangi kama kemikali iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mimi mwenyewe niliacha kitambaa chenye petroli juu ya boneti nyeupe usiku mmoja tu. Asubuhi kilibanduka na umbo lake lote, hadi nyuzi za pindo, na hakuna nilichokipaka kikaurudisha mng'ao.

Dalili: usukani una mchezo mwingi, au klachi inateleza

Kwenye Cub Cadet za mwanzo usukani hulegea kwa sababu ya skrubu ya marekebisho kwenye boksi lake, lakini kabla ya kuigusa kagua viungo vya mikono ya magurudumu ya mbele, kwani ndivyo vinavyokwisha kwanza. Irekebishe kidogo kidogo, kaza nati yake ya kufungia, na usukani uzunguke bila kukaza kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Klachi inayoteleza kwenye modeli zenye shafti ya moja kwa moja, zilizoanza na Cub Cadet 70 na 100 mwaka 1963, kwa kawaida inataka kurekebishiwa pedali tu. Mlio wa kugongagonga unapoachia pedali hutokana na pini za shafti zilizolika. Springi ya klachi hiyo imebanwa kwa nguvu kubwa na inaweza kumjeruhi mtu ikiruka, hivyo kama huna kifaa cha kuibana, mtafute fundi. Breki isiyoshika nayo isiahirishwe kwa sababu yoyote.

Dalili: rangi imepauka na kuacha unga

Paka maji kwenye kitambaa cheupe na usugue sehemu iliyojificha. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, ni rangi ya tabaka moja isiyo na vanishi juu, na unga ule ni rangi iliyopoteza kigundishi chake kwa jua. Chini yake mara nyingi kuna rangi nzima. Osha kwa sabuni laini, kausha, kisha tumia dawa ya kung'arishia iliyo laini kabisa, kwa mkono na si kwa mashine, ukifanya eneo la kiganja kimoja kwa wakati. Kwenye kingo za boneti na pembe za madigadi punguza nguvu karibu na sifuri, kwa maana huko tabaka ni jembamba tangu lilipopakwa. Maliza kwa nta ya kopo.

Wengi husifu mafuta ya kitani yaliyochemshwa, na ni kweli kwamba hurudisha rangi kwa dakika moja. Mimi siyatumii kwenye trekta lenye sehemu nyeupe, kwani hugeuka manjano na kukusanya vumbi, na vitambaa vyake vikikunjwa pamoja huweza kuwaka vyenyewe. Anayeyatumia avitandaze vikauke nje. Vanishi angavu ya gari siipendekezi kabisa: huifungia kutu ndani, nayo ikianza kubanduka huondoka na rangi ya asili.

Dalili: kutu inaonekana juu ya rangi

Tofautisha kwanza kutu iliyotiririka kutoka kwingine na kutu iliyochimba. Ya kwanza ni doa tu. Chukua pamba ya chuma yenye alama 0000, iloweshe kwa mafuta mepesi, sugua kwa mwendo mmoja, na simama mara rangi inapojitokeza. Kwa madoa sugu, karatasi ya jikoni iliyoloweshwa asidi ya oksaliki hafifu iwekwe juu yake kwa dakika 15 hadi 30, kisha suuza, pitisha maji ya baking soda na ukaushe haraka. Asidi hiyo ni sumu na inaweza kupausha baadhi ya rangi, kwa hiyo vaa glavu na miwani, na ujaribu mahali pa siri kwanza. Usiizamishe sehemu yenye rangi ya asili kwenye pipa la kuondolea kutu kwa umeme, kwani itatoka safi pamoja na rangi yake yote.

Kutu iliyochimba haitatoka yote. Safisha ilivyolegea, pakaza nta mara mbili na uiache.

Dalili: kuna rangi ya pili juu ya ile ya kiwandani

Tazama chini ya kiti, nyuma ya kibao cha namba na chini ya betri. Mara nyingi aliyepaka rangi ya pili hakuosha kwanza, na uvivu wake ni neema kwako, kwa sababu rangi iliyopakwa juu ya grisi na nta haikushika. Anza na kibapa cha plastiki na maji ya vuguvugu, ukisukuma kwa pembe ya chini kabisa. Pale isipotoka, jaribu spiriti kwenye kitambaa kwa sekunde chache na ufute. Hatua ya mwisho ni msasa wa maji wa 2,000 au zaidi, nao ni wa mtu mwenye subira ya mvuvi wa ndoana. Dawa za kusafishia oveni na viondoa rangi havijui tabaka la juu liishie wapi. Ukiona rangi ya tatu, ya chuma au ya praima iliyopakwa chini ya rangi ya kiwandani, umeshapita, acha hapo.

Dalili: rangi inabanduka kwa vipande, au vibandiko vinavunjika

Usivute kipande kilichoinuka. Nta iliyopashwa joto kidogo ikipenyezwa kwa brashi nyembamba chini ya ukingo hutosha kwa trekta linalohifadhiwa ndani. Wahifadhi wa makumbusho hutumia resini ya akriliki iitwayo Paraloid B-72, ambayo inaweza kuyeyushwa tena baadaye, ila kiyeyushi chake cha kawaida ni asetoni, na asetoni, kama ilivyoelezwa, ni adui wa rangi hizi, hivyo matone yake yawe madogo mno. Vibandiko vya kiwandani visisuguliwe kabisa. Vifutwe kwa kitambaa chenye unyevu na vipakwe nta laini kandokando.

Dalili: ringi za magurudumu ya nyuma zinaoza kutoka ndani

Zamani wenye matrekta walijaza matairi kwa maji yenye kalsiamu kloridi ili kuongeza uzito, na valvu ya tairi inapovuja chumvi hiyo hula ringi kuanzia kwenye tundu lake. Utaona unga mweupe unaorudi kila unapoufuta, na rangi iliyoinuka kwa duara kuzunguka valvu. Usilijaze upepo tairi la ringi iliyovimba au kupasuka kingo, kwani inaweza kuruka usoni. Mwachie fundi wa matairi atoe maji hayo na apime unene wa chuma. Ringi ikiwa nzima, isuuze kwa maji safi mengi kabla ya kitu kingine, ndani na nje, kisha paka rangi upande wa ndani tu, unaofichwa na tairi.

Upande wa nje, kwenye kanyagio na pale goti la dereva lilipogusa madigadi, kutakuwa na chuma tupu kilichong'aa kwa miaka ya matumizi. Hakihitaji rangi. Kifutwe kwa kitambaa chenye oili kila mwezi, na mara mbili msimu wa baridi kabla trekta halijaingizwa ndani, kwa sababu unyevu wa gereji isiyo na joto huanzia hapo.